Waliokamua Tindiga

Ardhi ya Tindigani inaungua. Siyo majani yaliyo juu yake. Ardhi yenyewe ndiyo inayoungua, kwa chini, bila mwali, na imekuwa ikiungua hivyo tangu wakati wa Wadachi. Ukifika asubuhi yenye baridi utaona moshi mwembamba ukitoka kwenye nyufa kama pumzi za ng'ombe. Vijana wachungaji hufukia viazi humo, wakazunguka na mifugo yao, wakarudi kuvikuta vimeiva. Wanacheka, wanakula. Mimi sicheki. Hapo wanapochomea viazi nilikuwa nikisimama maji yakinifika magotini.

Najua utasema nimetunga. Sema. Ninayoyaeleza hapa niliyaona asubuhi, nikiwa sina homa wala sijaonja pombe, na yale ambayo sikuyaona nitakwambia kwamba sikuyaona. Nina hasira, ndiyo, na sitaificha. Lakini hasira haijanifanya niongeze kitu.

Nianze na mahali penyewe, maana bila kupajua hutaelewa kilichofanyika.

Ukitoka Mlali ukapanda mlima, unaacha mashamba ya mtama na uwele, unaacha miti ya miiba, unaingia kwenye msitu ambao miti yake imefuga ndevu kwa sababu ya ukungu. Ukizidi kupanda, msitu unakwisha, na mbele yako kuna bonde pana lenye umbo la bakuli. Hilo ndilo tindiga letu, na pale tunapaita Tindigani. Huku chini kiangazi kikifika ardhi inapasuka, na ng'ombe wanalamba tope. Kule juu, kiangazi hicho hicho, ukikanyaga ovyo unazama.

Wageni walikuwa wakiuliza: maji haya yanatoka wapi na mvua hakuna? Yalitoka kwenye ukungu. Kuna mmea mdogo, laini, usio na mizizi ya maana, ambao sisi tuliuita sufi ya maji. Ulitanda bonde zima kama godoro. Ukungu ukipita, sufi inaunywa. Ukichukua konzi moja ukaibana, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Chini ya sufi iliyo hai kuna sufi iliyokufa, na chini ya hiyo kuna iliyokufa zamani zaidi, hadi inakuwa udongo mweusi usio na mchanga hata punje, unaonuka kama chungu cha pombe kilichosahaulika. Udongo huo ndio ulioyashika maji na kuyaachia kidogo kidogo kwenye kijito kinachoshuka kwetu. Kijito hicho kilitunywesha sisi na mifugo yetu kiangazi chote. Hatukuwa na kingine. Kumbuka hilo.

Juu ya sufi iliota ndago ndefu ambayo sisi wanawake tuliikata kwa ajili ya mikeka. Pembeni, palipokauka kidogo, paliota kangaga. Katikati kulikuwa na maua mekundu yaliyosimama kama mienge, na chini yao, ukiinama, mmea mmoja mdogo wa rangi ya damu uliolala juu ya sufi. Majani yake yana vinyweleo, na kila kinyweleo kina tone linalong'aa hata jua likiwa kali. Mbu akitua hapo hatoki. Jani linajikunja polepole, linamla. Tuliliita jani linalolia, na watoto tuliwakataza kulichezea.

Kulikuwa na utaratibu. Jembe haliingii Tindigani. Ni mundu tu. Hukanyagi sufi, unaruka kutoka fundo moja la nyasi hadi jingine. Na ukimaliza kukata, kabla hujashuka, unavua kaniki yako ya juu iliyoloa unaikamua pale pale, maji yarudi yalikotoka. Hakuna anayekamua peke yake. Mmoja anashika pindo la huku, mwingine la kule, mnasokota mkitazamana, kisha mnabadilishana. Nilipokuwa msichana nilimwuliza mama kwa nini tusishuke na kaniki zilivyo, zikaukie njiani.

"Kwa sababu maji si yako," alisema.

Basi. Sikupewa maelezo mengine.

Mdachi wa kwanza kufika kule juu alikuwa mtu mwembamba mwenye ndevu za rangi ya mtama. Sitamsingizia ukali. Hakupiga mtu. Alipiga magoti majini na suruali yake nzuri, akachungulia majani kwa kioo, akayabana katikati ya karatasi na kuyafungia kwenye masanduku ya bati. Tukamwita Bwana Majani. Alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuuliza majina, na nami nilikuwa na cha kutosha kumjibu, maana marehemu mume wangu alikuwa mpagazi wa misafara.

Siku moja alinikuta nakata ndago akanionyesha jani linalolia.

"Hii hata kwetu ipo," alisema. "Ndugu yake hii. Kwetu tulikuwa na bonde kama hili."

"Mlikuwa nalo?"

"Tulilikausha. Babu zetu. Walichimba mifereji."

"Kwa nini?"

"Wapande viazi."

Nikamtazama usoni nione kama ananitania. "Na sasa kuna nini?"

"Sasa," alisema, na akalifuta lile tone kwa kidole chake, "kuna viazi."

Umesikia? Mtu yule alijua. Hicho ndicho kinachonikereketa hadi leo. Angekuwa mjinga ningesema ni mjinga, nikanyamaza. Lakini alijua sufi inakunywa ukungu, alijua udongo mweusi unashika maji, alinieleza mwenyewe vizuri kuliko ninavyokueleza mimi. Kisha mwaka uliofuata akarudi na vijiti na kamba, akapima mahali pa kuchimba mfereji.

Reli ilikuwa inakuja. Ilikuwa ikikatiza nyika kuelekea Dodoma, na kambi za wafanyakazi wake zilikuwa na kiu. Boma likaamua kwamba ukingo wa bakuli letu ukatwe, maji yashuke kwa wingi hadi kwenye bwawa watakalochimba chini. Akida ndiye aliyetuletea amri. Mtu wa pwani, kanzu safi, bakora mkononi, na askari wawili nyuma. Alitukusanya mbele ya nyumba ya Jumbe.

"Maji yenu yamelala bure huko juu," alisema, "yamelala kama ninyi wenyewe mkishiba pombe. Sasa tunayaamsha."

Kaka yangu, Ndahani, alikuwa mtu asiyeweza kukaa na neno mdomoni. "Akida, wewe umewahi kufika huko yalikolala?"

"Mimi nimeoga bahari. Dimbwi lenu la vyura linanihusu nini?"

"Sisi hatuliogi hilo dimbwi, Akida. Tunalinywa."

Watu wakacheka. Akida naye akacheka, kisha akanyoosha bakora. "Huyu mwenye mdomo awe wa kwanza. Mpeni jembe."

Hivyo Ndahani akapelekwa kuchimba, yeye na wanaume wengine wa kwetu, na mimi nikawa nampandishia chakula. Nilipoyaona majembe yanaingia Tindigani nilijisikia kama naona mtu anaingia na viatu kwenye kitanda cha mzazi. Walichimba wakiwa kimya. Sisi Wagogo tukilima pamoja tunaimba, utatusikia kutoka kilima cha pili. Pale hapakuimbwa hata siku moja.

Sasa nafika kwenye asubuhi yenyewe.

Mfereji ulikuwa umebaki kidogo kufika katikati. Nilipanda mapema, ugali na mlenda kichwani, mundu kiunoni, nikasema nikate kwanza mzigo wa ndago kabla sijampelekea Ndahani chakula, maana ndago ya upande ule ilikuwa imeanza kuwa njano. Ukungu ulikuwa mzito. Niliwasikia wanaume wakichimba upande wa ukingo, majembe yakilia kwenye tope, lakini sikuwaona. Nikakata mpaka kaniki yangu ikaloa hadi kifuani. Nilipoinua kichwa nimtafute mtu wa kunishikia pindo nikamue, nikamwona mwanamke.

Alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa akikamua kaniki yake peke yake.

Hicho ndicho kilichonishangaza kwanza, kwamba yuko peke yake na anakamua. Nikajua si wa kwetu. Nikadhani ametokea upande wa pili wa mlima. Nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Akaniitikia vizuri kabisa, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Afadhali umekuja," alisema. "Nishikie."

Sasa wewe ungefanya nini? Mwanamke mwenzako, kazini, anakuomba umshikie pindo la nguo. Nikaruka kwenye fundo la nyasi lililokuwa karibu naye, nikashika. Tukasokota. Maji yakatoka. Yakatoka meusi. Tukaendelea kusokota, na yakaendelea kutoka, na mimi nikaanza kuona kwamba jambo hili si la kawaida. Kaniki moja ina maji kiasi gani? Viganja vyangu viliwaka moto. Maji yalikuwa yakimwagika kama kutoka kwenye mdomo wa mtungi, na chini yetu hapakuwa na dimbwi. Sufi pale alipokuwa amesimama ilikuwa nyeupe, imekauka, inavunjika kama maganda ya uwele. Ilikuwa inayameza yote bila kulowa.

Ndipo nikatazama mikono yake. Niamini, natamani nisingeitazama. Ilikuwa na vinyweleo vyekundu, kuanzia kwenye kifundo mpaka kwenye bega, na kila kinyweleo kilikuwa na tone. Mbu mmoja alikuwa amenasa karibu na kiwiko, akipiga mabawa. Vinyweleo vilivyomzunguka vilikuwa vikimwinamia, polepole, kimoja baada ya kingine.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Nilisikia majembe ya kina kaka yangu, nikajiambia watu wako karibu.

"Wewe ni wa kwa nani?" nilimwuliza.

"Mimi ni wa hapa."

"Sijawahi kukuona."

"Unanikanyaga tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni na mama yako," alisema. "Yeye alikuwa mwepesi. Wewe una kisigino kizito."

Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa uso wa mwanamke yeyote wa makamo, umechoka na umekasirika. Umekasirika sana. Sijawahi kuona hasira iliyotulia namna ile.

"Wanachimba upande gani?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa.

"Nguo huvuliwa kwanza ndipo ikamuliwe," alisema. "Hawa wananikamua nimeivaa."

Akalivuta lile pindo, akanisogeza karibu.

"Sikiliza. Maji yatashuka mengi, na mtafurahi. Kisha yatakatika. Yakikatika, msiombe mvua. Umenisikia? Ukungu unanitosha. Mvua kubwa siiwezi, wameniacha wazi. Zibeni kwanza. Zibeni, hata kwa mikono, hata kwa matete. Mkiomba mvua kabla ya kuziba, mimi sitakuwepo tena."

"Nitawaambia," nilisema.

"Lete na yako, tuikamue."

Na hapa ndipo sisi wakata ndago tu tungeweza kunaswa. Mtu mwingine angekimbia. Lakini ukimshikia mwenzako, naye lazima akushikie. Ukimnyima zamu yake umemtukana. Nikavua kaniki yangu iliyokuwa inachuruzika, nikampa pindo moja. Akasokota. Nilihisi nguvu zake kwenye mabega yangu. Kaniki ilikazana mpaka ikawa ngumu kama kamba ya kufungia ng'ombe.

Halikutoka hata tone.

"Basi," alisema, akaniachia. "Hiyo itakaa."

Akarudi nyuma hatua chache, na sufi haikubonyea chini ya miguu yake. Ukungu ukamfunika. Nilimwita. Nilichosikia ni majembe.

Nilimkuta Ndahani amekaa ukingoni, amejaa tope jeusi. Nikamweleza kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyokueleza wewe. Hakucheka, yeye aliyekuwa hawezi kukosa neno. Aliishika kaniki yangu, akaona ilivyoloa na ilivyosokotwa, alama za mikunjo ziko bado, na haidondoshi. Kisha akaniuliza, "Kuna mtu mwingine aliyemwona?"

"Hakuna."

"Basi usiwaambie leo. Askari yule pale anasikia Kigogo."

Hata hivyo niliwaambia. Nilimwambia Jumbe, mbele ya watu. Jumbe akasema ukungu umeniingia kichwani. Na siku ile mfereji ulipofika katikati, na ukingo ukakatwa, maji yalishuka kwa kishindo hata kina mama wakapiga vigelegele. Kijito kikafurika kiangazi! Watu wakapanda mboga kwenye kingo. Ng'ombe wakanywa mpaka wakalala. Bwawa la Wadachi likajaa. Wanawake wenzangu waliponiona walisema, "Haya, mke wa ukungu, umwambie shoga yako ahsante."

Mimi nilikuwa nayatazama yale maji. Yalikuwa meusi.

Yalikatika kabla kiangazi hakijakomaa. Yalipungua kama mtungi uliopasuka, asubuhi moja tukakuta mawe. Tukachimba kwenye mchanga wa kijito, tukapata tope. Tukachimba zaidi, tukapata mchanga mkavu. Bwawa la chini likabaki na maji ya kijani, na askari akawekwa kulilinda. Ng'ombe wa Ndahani walikuwa wakisimama kwenye mawe ya kijito kutwa nzima, vichwa chini, wakingoja. Hawakuelewa. Mimi nilielewa, na nilitamani nisielewe.

Tukaitwa kwa Jumbe. Nikasimama tena.

"Tupande tukazibe," nilisema. "Bado kuna sufi hai katikati. Ukungu unakuja kila asubuhi. Tukiziba sasa, itakunywa."

"Nani atakayeziba?" Jumbe aliuliza. "Wewe? Mfereji ule ni wa Serikali. Anayeuziba anapigwa viboko hamsa ishirini na kufungwa mnyororo."

"Basi tufe kwa kiu?"

"Tutaomba mvua. Atachinjwa kondoo mweusi, kama tulivyofanya siku zote."

"Msiombe mvua! Nimewaambia alivyosema. Mvua ikija na mlango uko wazi..."

"Mwanamke," alisema, na sikatai kwamba sauti yake ilikuwa ya huruma, "nikiziba nimegombana na boma. Nikiomba mvua, hakuna askari wa kunikataza."

Nilimgeukia kaka yangu. Nilidhani yeye angalau atasema. Ndahani alitazama chini.

"Dada," alisema taratibu, "mgongo wangu haujapona bado."

Sikujua kama alikuwa amepigwa. Hakuwa ameniambia.

Basi wakamchukua kondoo mweusi, asiye na doa, wakapanda naye mpaka kwenye ukingo wa Tindigani, hatua chache kutoka kwenye mfereji, wakafanya kila kitu kama wazee walivyofundishwa. Na wote walikuwa na majembe nyumbani! Watu wazima, wenye nguvu, walisimama kando ya jeraha lenyewe wakaomba maji yamwagwe juu yake. Nilipanda peke yangu siku iliyofuata nikatupa mawe na matete kwenye mfereji mpaka kucha zikang'oka. Mtu mmoja anaziba nini?

Sisemi mvua ililetwa na kondoo. Nasema ilikuja. Ilikuja mapema, na ilikuja yote kwa mara moja, ile ya mawe, usiku na mchana. Sufi ilikuwa imekauka juu, haikuinywa. Maji yakakusanyika kwenye bakuli yakatafuta njia, na njia walikuwa wameitengeneza wenyewe. Mfereji wa kumfikia mtu kiunoni ukawa korongo la kumeza nyumba. Udongo mweusi wa tangu enzi na enzi ukang'oka na kushuka. Ulitufikia chini mchana, mzito kama uji, una maua mekundu ndani yake na vyura wakiwa hai. Ulifunika mboga, ukafukia visima vya mchangani, ukaingia kwenye zizi la Ndahani. Ng'ombe walinasa mpaka tumboni. Hatukuweza kumtoa hata mmoja. Tuliwasikia mpaka jioni.

Ndahani alikaa nasi mpaka tope likakauka. Kisha akasema anakwenda kwenye reli kubeba mataruma, kwani asiye na ng'ombe Ugogoni ana kazi gani? Aliondoka na kibuyu cha maji niliyomchotea bwawani kwa kumbembeleza askari. Nilisikia alionekana Dodoma, kisha nilisikia alionekana mbele zaidi, Kilimatinde. Sijamwona tena.

Kiangazi kilichofuata wachungaji walichoma majani mlimani, kama wanavyochoma kila mwaka ili yachipue. Miaka yote moto ule ulikuwa ukifika Tindigani unazimika wenyewe. Mwaka ule haukuzimika. Uliingia chini.

Bwana Majani alirudi, sijui alitumwa au alijileta. Nilimkuta amesimama kwenye moshi, leso puani, macho mekundu. Akida alikuwa pembeni yake, kanzu imeingia masizi. Bwana Majani akamwambia Akida awaambie watu walete maji waumwagie moto.

Hata Akida alibaki anamtazama.

"Maji ya wapi, Bwana?" niliuliza mimi.

Akanitambua. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama limebaki jani linalolia mahali popote.

"Liko kwenye sanduku lako," nilimwambia.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosema na Mdachi. Vita vilipokuja wakaondoka, na sikumwaga chozi. Lakini korongo halikuondoka nao, na moto haukuondoka nao, na Jumbe yule yule alibaki kuwa Jumbe chini ya Waingereza. Siku hizi anasema Wadachi ndio walioharibu. Ni kweli waliharibu. Nani alichinja kondoo?

Sasa nikuonye, maana hiyo ndiyo sababu ya kueleza yote haya. Akija mtu mwenye vijiti na kamba akakwambia maji yenu yamelala bure, mwulize kwao walifanya nini, na wana nini sasa. Ukiona kitu kimetobolewa, kizibe kwanza ndipo uombe, hata kama aliyekitoboa ana bakora. Na ukiwa peke yako kwenye ukungu, mwanamke ambaye hukumwona akija akikuomba umshikie pindo, mpishe. Mimi nilimshikia, na bado nimeshika.

Kwa sababu kaniki ile haijakauka. Nimeianika juani kiangazi cha Ugogo, jua la kupasua mawe. Nimeitundika juu ya meko. Niliwahi kuitupa kwenye majivu ya moto, yakazimika. Iko humu ndani, kwenye chungu kikubwa, na ukiishika ni kama umeitoa Tindigani sasa hivi. Nikiikamua nyumbani haitoi hata tone. Nikipanda nayo mlimani, nikafika katikati ya ile ardhi inayofuka moshi, nikamwomba mtu anishikie pindo la pili, inatoa. Inatoa maji masafi, mengi, mpaka mikono yetu ichoke.

Kila mwaka naikamulia mahali pamoja. Pana ukubwa wa mkeka wa kulalia. Pande zote udongo unaungua, na pale pamelowa, pana sufi ya kijani, na juu ya sufi pana majani yanayolia. Nimempeleka mwalimu wa misheni akaona kwa macho yake. Hakuandika popote.

Mimi nazeeka. Magoti yangu hayataki tena mlima. Mwaka huu tulipofika pale juu, nilimwambia binti yangu ashike pindo langu, nami nikakaa pembeni, shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu, akashika lile jingine. Wakasokota, wakasokota tena kwa nguvu zao zote, huku nawatazama.

Mikononi mwa binti yangu kaniki ile ilikuwa kavu.